Mabunda 31 ya sarafu za marehemu baba: tufungue au tusifungue?

Mjomba, shikamoo.

Tumezaliwa watatu: kaka yangu, mimi, na mdogo wetu wa kike. Baba yetu alifariki mwaka jana. Aliishi hapa Marekani zaidi ya miaka arobaini, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari akifungua mashine za kuuzia soda na kutoa sarafu zilizojaa ndani. Hata mshahara wake, kiasi fulani alikuwa anaubadilisha benki ili apewe sarafu. Jioni anazimwaga mezani, miwani puani, anageuza moja moja. Mama alikuwa akisema, "Mimi nina mke mwenzangu, jina lake Senti."

Tulipopanga vitu vyake tulikuta boksi la viatu, zito ajabu. Ndani kulikuwa na mabunda 31 ya sarafu zilizoviringishwa kwenye karatasi, kila bunda mfano wa kipande cha mshumaa. Nimeyahesabu hivi: tisa ni ya senti moja, na matatu kati ya hayo baba ameandika kwa kalamu neno "ngano". Manne ni ya senti tano. Kumi na moja ni ya zile robo dola zenye majina ya majimbo, mawili yakiwa ya Wisconsin. Mawili mengine ni ya robo dola za kawaida, karatasi yake ina jina la benki, na pembeni baba ameandika kwa penseli "82 P" na "83 P". Matatu ni ya robo dola pia, karatasi imechakaa, haina maandishi yoyote. Na mawili ya mwisho ni ya nusu dola.

Ugomvi umeanzia hapo. Kaka anasema pesa ni pesa, tuzimwage kwenye ile mashine ya kuhesabia sarafu dukani tugawane. Hapohapo anasema zile za majimbo zisiguswe kwa sababu siku moja zitakuwa mali. Mdogo wetu anasema za kuweka ni zile za senti moja, kwa kuwa serikali imeacha kuzipiga. Na kuna bwana mmoja, rafiki wa jirani, alikuja akaliangalia boksi dakika tano tu, akatoa dola 400 taslimu kwa yote, kwa sharti kwamba tusifungue hata bunda moja. Anasema bunda likishafunguliwa limekufa. Sasa anapiga simu kila siku.

Kuna jambo jingine, Mjomba, naomba usinicheke. Bunda moja la senti moja, katika yale yasiyo na maandishi, nilishalifungua. Sarafu zilikuwa nyeusi kama zimetoka matopeni. Nikazilowesha kwenye limau na chumvi, zikang'aa kama mpya. Nilifurahi sana, mpaka mdogo wangu alipoziona akaniambia nimeziua. Kaka hajui bado.

Tufanye nini?

Binti wa Mume wa Senti

*

Marahaba mpwa wangu, na poleni kwa msiba. Mama yako ningependa kukutana naye kama bado yupo. Mke wangu ana malalamiko yaleyale.

Tuanze na huyo bwana wa dola 400, maana ndiye anayewaharakisha. Nimefanya hesabu ya boksi lenu kwa thamani iliyoandikwa juu ya sarafu zenyewe. Bunda la senti moja huwa na sarafu 50, la senti tano 40, la robo dola 40, la nusu dola 20. Kwa orodha yako, mkiyapeleka yote 31 benki mtapewa dola 192 na senti 50, hakuna atakayewapa pungufu ya hapo. Yeye anatoa 400. Mtu akikaa dakika tano juu ya pesa ya 192 akatoa 400, ujue katika dakika hizo tano jicho lake lilitua mahali. Sisemi ni mwizi. Ni mnunuzi, na mnunuzi anayejua kazi yake hupenda kununua kwa mtu asiyejua alichonacho. Sharti la kutofungua linamlinda yeye. Mwambieni mtampigia ninyi mkiwa tayari, basi.

Kuhusu kwamba bunda likifunguliwa limekufa, amesema nusu ya ukweli. Yapo mabunda ambayo karatasi yake ina bei. Na yapo, tena ndiyo mengi, ambayo karatasi ni karatasi tu. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, yapangeni yote mezani, mchana, wote watatu mkiwepo, mtazame ncha zake.

Bunda lililofungwa na mashine huwa na ncha zilizokunjwa kwa nguvu kuelekea ndani, ukingo wake mgumu na wa duara kamili, na katikati unaiona sarafu ya mwisho. Bunda lililofungwa kwa mkono ncha zake zimekunjwakunjwa kwa vidole, kama unavyofunga karanga kwenye karatasi. La mashine, likiwa la sarafu mpya ambazo hazijapita mkononi mwa mtu, ndilo wakusanyaji wanalolipia zaidi likiwa bado limefungwa, kwa sababu hakuna aliyechagua nzuri akaacha mbovu. La mkono lilifungwa na baba yako, naye alishazigeuza moja moja. Yaani ama ndizo alizozichagua, ama ndizo zilizobaki baada ya kuchagua. Lolote kati ya hayo mawili, hakuna siri ya kiwandani ya kulinda. Yafungueni.

Niongeze onyo dogo: mashine za kukunja ncha mtu binafsi anaweza kununua. Mwaka fulani mimi mwenyewe nilinunua bunda la senti moja lililofungwa vizuri, "halijawahi kufunguliwa," aliapa muuzaji, na ncha moja ilionyesha sarafu ya zamani yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, zile zilizopigwa kuanzia 1859 hadi 1909. Moyo ulinienda mbio. Nililipa mara nyingi zaidi ya ilivyostahili. Kufungua, ndani kulikuwa na sarafu 49 za miaka ya 1940 na 1950 zilizolika, na ile moja ya ncha. Aliyelifunga aliitanguliza kama mwanamke anavyotandaza nyanya nzuri juu ya fungu. Sasa mtakapoanza kutafuta bei mtandaoni mtakutana na mabunda ya namna hiyo kwa mamia. Macho yenu yasitulie kwenye ncha.

Baada ya macho, mizani. Tafuteni ndogo ya jikoni, ya dijitali, inayosoma gramu, na ikiwezekana sehemu ya kumi ya gramu. Wewe una karatasi tupu ya lile bunda ulilofungua. Ipime kwanza, halafu punguza uzito huo kwenye kila bunda.

Sababu yake ni hii. Robo dola ya 1964 kurudi nyuma ina asilimia 90 ya madini ya fedha, na uzito wake ni gramu 6.25. Mwaka 1965 sheria ilibadilika, fedha ikaondolewa, sarafu ikawa na moyo wa shaba na ngozi ya shaba iliyochanganywa na nikeli, na uzito ukashuka hadi gramu 5.67. Ukishika moja moja hutahisi kitu. Lakini kwa bunda la sarafu 40 ni gramu 250 upande mmoja na 226.8 upande wa pili, na tofauti ya gramu 23 hata mizani ya bei rahisi inaiona.

Ndiyo maana nataka yale matatu ya robo dola yasiyo na maandishi yawe ya kwanza kwenye mizani. Mtu aliyekuwa akiandika kila kitu, kisha akaacha matatu bila neno, huenda aliona hayahitaji neno. Yakisoma karibu na 250, furahini kimyakimya. Sarafu za fedha zilizozunguka miaka mingi huwa zimelika, kwa hiyo 246 au 247 ni jibu zuri vilevile. Likisoma 235, limechanganyika: kila robo dola ya fedha inaongeza gramu 0.58 juu ya ile ya kawaida, kwa hiyo hapo mna kama 14 za fedha kati ya 40. Likisoma 227, ni dola 10, hakuna kilichoharibika.

Na yakiwa ya fedha, thamani yake ninyi wenyewe mnaweza kuikokotoa bila kumuuliza mtu. Bunda moja la robo dola za fedha, likiwa jipya, lina aunsi 7.23 za fedha tupu. Kwa kuwa zimelika, wafanyabiashara huhesabu 7.15. Hiyo ni aunsi ya madini, ya gramu 31.1, si ile ya kupimia unga. Mabunda matatu yanakuwa aunsi 21.45. Chukueni bei ya fedha ya siku hiyo, zidisheni. Kwa mfano tu, hata ikiwa dola 20 kwa aunsi, bei ambayo siku hizi ni ya chini, matatu hayo peke yake ni dola 429. Umeona jicho la yule bwana lilipotua? Mnunuzi wa haki atatoa chini kidogo ya hesabu hiyo, maana naye anakula hapo. Kidogo, nimesema.

Nusu dola zina hatua tatu badala ya mbili, na hapa ndipo wengi hukosea. Ya 1964 kurudi nyuma ni asilimia 90 fedha, gramu 12.5. Za 1965 hadi 1970 zilibakishiwa asilimia 40, gramu 11.5. Kuanzia 1971 fedha ikatoka kabisa, gramu 11.34. Kwa bunda la 20: 250, 230, 226.8. Tofauti ya mbili za mwisho ni gramu tatu na kidogo, na hapo karatasi yenyewe inaweza kukudanganya. Kwa hiyo kama halifiki 250, msilihukumu kwa mizani. Lifungueni, msome miaka, tena mtazame ubavuni: ile isiyo na fedha ina mstari wa shaba nyekundu unaozunguka ubavu mzima. Bunda la asilimia 40 lina karibu aunsi 3 za fedha, si haba kwa kitu ambacho mashine ya dukani ingelimeza kama dola 10.

Kwenye senti tano mizani haina kazi kabisa. Kati ya 1942 na 1945 nikeli ilihitajika vitani, wakapiga senti tano zenye asilimia 35 ya fedha, lakini uzito ukabaki gramu 5 zilezile. Hizo zinajulikana kwa jicho: upande wa nyuma, juu ya kuba la jumba la Monticello, kuna herufi kubwa ya kiwanda: P ya Philadelphia, D ya Denver au S ya San Francisco. Kabla ya hapo kiwanda cha Philadelphia hakikuwahi kuweka herufi yake P kwenye sarafu. Yafungueni yote manne, ni kazi ya dakika ishirini. Mkikuta ya 1950 yenye D, iwekeni kando, tutaizungumzia sasa hivi, maana inamhusu kaka yako.

Kaka yako anaamini robo dola za majimbo zitakuja kuwa mali. Ningependa awe sahihi, nami nina zangu. Zilipigwa kuanzia 1999 hadi 2008, majimbo matano kila mwaka, na jumla yake ilipita bilioni 30. Ile ya Virginia ya mwaka 2000 peke yake ilipita bilioni moja na nusu. Nusu ya watu wa nchi hii waliweka angalau chache kabatini. Kitu kilichopigwa kwa mabilioni, na ambacho kila mtu amekiweka akisubiri kiadimike, kitaadimikaje?

Tena hadithi hii imeshatokea. Mwaka 1950 kiwanda cha Denver kilipiga senti tano 2,630,030 tu, idadi ndogo kwa sarafu ya aina hiyo. Watu wakajua mapema, wakazikamata mabunda kwa mabunda kabla hazijaingia mtaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walikuwa wakinunua na kuuza mabunda kama hisa, na bunda hilo la dola 2 lilipanda mpaka likapita dola 1,000. Kufika katikati ya muongo huo soko likaanguka. Sarafu zenyewe hazikuwa zimepungua. Zote zilikuwepo, mpya, zinang'aa, zimelala makabatini mwa watu waliokuwa wakisubiri kuwauzia watu waliokuwa nazo tayari. Leo bado ina bei kuliko senti tano nyingine za umri wake, lakini si ile ya enzi za wazimu.

Kwa hiyo mabunda tisa ya majimbo, mbali na Wisconsin, ni dola 90. Mkitaka kuweka moja la kumbukumbu wekeni. Mengine pelekeni benki, si kwenye mashine ya dukani, kwa sababu mashine nyingi hukata asilimia yake, na hakuna sababu ya kulipia kuhesabiwa kitu ambacho tayari kimehesabiwa.

Yale mawili ya Wisconsin msiyapeleke bado. Mwaka 2004, katika zile zilizopigwa Denver, kuna zilizotoka na jani la ziada kwenye hindi, upande wa kushoto chini ya gunzi. Nyingine jani limeelekea juu, nyingine limelala chini. Nyingi zilionekana Tucson na San Antonio, na zina bei nzuri. Angalieni kama zina herufi D pembeni ya kichwa cha Washington. Zikiwa na P, ni dola 20. Zikiwa na D, fungueni muangalie kwa lenzi.

Sasa nifike kwa "82 P" na "83 P". Hapa, mpwa wangu, nilipokuwa nasoma barua yako niliweka kikombe cha chai chini.

Kwa kawaida serikali ya Marekani huwauzia wakusanyaji, kila mwaka, seti ya sarafu mpya ambazo hazijatumika. Mtu akitaka robo dola safi ya 1974, au ya 1990, anafungua seti anaipata. Mwaka 1982 na 1983 seti hizo hazikutengenezwa. Robo dola za miaka hiyo zilitoka kiwandani zikaenda moja kwa moja benki, kutoka benki zikaingia mifukoni, kwenye mashine za soda, zikagongana, zikalika. Zilipigwa kwa mamia ya mamilioni, lakini safi ni chache, kwa sababu ili iwepo safi leo ilibidi mtu fulani, wakati ule, aende benki, achukue bunda jipya, asilitumie. Watu wachache walikuwa na wazo hilo. Baba yako alikuwa mmoja wao. Wakati majirani wanasubiri utajiri kwenye sarafu ambazo kila mtu anazo, yeye aliweka ambazo hakuna aliyezifikiria, akaandika kwa penseli ili asije akazitumia kwa bahati mbaya.

Haya mawili msiyafungue. Angalieni ncha: zimekunjwa kwa mashine? Sarafu zinazoonekana zina mng'ao unaozunguka ukizigeuza kwenye mwanga, au zimefifia? Zikiwa na rangi ya njano au ya bluu kidogo pembezoni, msishtuke. Karatasi za zamani zina salfa, na ncha ndizo zinazopata hewa. Piga picha za ncha zote nne, na za karatasi na maandishi ya baba. Pima, uzito uwe karibu na 227 baada ya kutoa karatasi. Zikipita hapo, bunda la 1983 hasa huuzwa mara nyingi zaidi ya dola 10 zake. Anayelinunua analipia nafasi ya kufungua mwenyewe na kukuta sarafu ya daraja la juu. Daraja hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kuanzia 60 ndipo sarafu inahesabiwa haijatumika. Kati ya 60 na 67 bei inaweza kuruka kutoka ya soda hadi ya viatu vizuri, lakini sarafu za kiwandani zilisafiri zikigongana kwenye magunia, kwa hiyo bunda zima linaweza lisitoe hata moja ya 67. Mkifungua ninyi, mnaucheza mchezo huo wenyewe, pamoja na gharama ya kutuma kila sarafu kwa kampuni za kupima daraja, PCGS au NGC. Kama mna haja ya pesa na hamna uzoefu, mwachieni mnunuzi acheze yeye. Zikiwa zimefifia, basi zilishatumika, na ni dola 20.

Senti moja. Mdogo wenu ana haki kwamba zimekoma. Ya mwisho ya matumizi ya kawaida ilipigwa Philadelphia mwezi Novemba 2025. Lakini mwaka 2024 tu zilipigwa zaidi ya bilioni 3. Kukoma kwa kitu si kuadimika kwake. Yale matatu ya "ngano" ni zile zenye masuke mawili ya ngano nyuma, za 1909 hadi 1958. Nyingi huuzwa kwa senti chache kila moja. Zisomeni zote lakini, mkitafuta 1909 yenye S na herufi VDB nyuma, zilipigwa 484,000 tu. 1914 yenye D. 1931 yenye S. Na 1955 ambayo mwaka na maandishi yanaonekana mara mbili bila lenzi. Msiweke matumaini makubwa: baba yako angekuta mojawapo, sidhani angeirudisha kwenye fungu. Mkikuta ya 1943 yenye rangi ya kijivu ijaribuni na sumaku, itanasa. Mwaka huo zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na ni za kawaida tu. Ya 1943 yenye rangi ya shaba isiyonasa sumaku ndiyo ndoto ya kila mtu, na karibu zote zinazojitokeza ni za kughushi.

Mabunda mengine yasiyo na maandishi pimeni. 155.5 ni shaba, za kabla ya 1982. 125 ni zinki, za baadaye. Za shaba zina madini yanayozidi senti moja, na hapo watu hupata wazo la kuyeyusha. Msithubutu. Tangu Desemba 2006 ni marufuku kuyeyusha senti moja na senti tano hapa Marekani, faini yake hufika dola 10,000 na kifungo hadi miaka mitano. Na siku mkisafiri kwenda kusalimia nyumbani, kila msafiri asibebe zaidi ya dola 5 za sarafu hizo nje ya nchi. Sheria hiyo haizigusi za fedha.

Kuhusu limau. Mdogo wako kasema kweli, wakusanyaji hawaitaki sarafu iliyosafishwa. Ule weusi ulikuwa ngozi yake, nawe umeichuna. Ila soma miaka yake kwanza. Kama ni za 1959 kuja huku, na bila kosa la kiwandani, umeharibu kitu chenye thamani ya senti 50, na bado benki itakupa senti 50. Zisuuze kwa maji safi asidi iache kuzila, zikaushe kwa kugusa na kitambaa bila kusugua, na ishia hapo. Kaka mwambie kabla ya siku ya kupima, si mbele ya mizani.

Mnazofungua na kuamua kuweka, zishikeni ubavuni, zihifadhini kwenye vichupa vigumu vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo, vya saizi ya kila sarafu. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali ikimbieni, huacha utando wa kijani unaokula sarafu. Na msifunge kwa mipira ya raba.

Mkiuza, nendeni na orodha na uzito kwa wafanyabiashara wa sarafu watatu tofauti. Shirika la wakusanyaji la American Numismatic Association, lililopo tangu 1891, lina orodha ya wafanyabiashara wanachama. Bei za vitabu ni za kununulia dukani, ninyi mtapewa chini ya hizo. Na mtandaoni tazameni zilizokwisha kuuzwa, si zinazoombwa. Yule bwana naye akitaka, awe wa nne, aje wote mkiwepo, aseme bei ya kila fungu peke yake. Akikataa kutenganisha, mmeshapata jibu.

Kaka yako kama amebaki na hamu ya robo dola, mpe kazi inayomfaa: aende benki, abadilishe dola 10 kwa bunda, atafute zenye herufi W ya kiwanda cha West Point, za 2019 na 2020. Kila muundo zilipigwa milioni 2 tu na zikachanganywa makusudi na za mtaani. Asipopata, anarudisha bunda na dola 10 zake zipo.

Karatasi zenye neno "ngano" usizitupe mkishafungua. Ziwekeni na picha za baba yenu. Za penseli zitaondoka na mabunda yake, ndiyo sababu nimesema zipigwe picha mapema, karibu, mwandiko usomeke.

Mjomba